Kuhesabu Seli za Plasma: Namba Inayoamua Nani Ana Mieloma

Majibu ya kipimo cha uboho yanapofika mezani, macho ya daktari hukimbilia namba moja: asilimia ya seli za plasma. Ikisomeka 6, huenda mgonjwa akaambiwa arudi baada ya miezi sita aangaliwe tena. Ikisomeka 14, na figo zimekwisha kuanza kushindwa, mazungumzo yanageuka kuwa ya saratani, ya dawa za miaka, na ya nani katika ukoo atauza nini ili zinunuliwe. Namba hiyo ina uzito mkubwa hivyo, lakini mara nyingi huandikwa peke yake, bila neno lolote linaloeleza ilipatikanaje. Hoja yangu ni kwamba asilimia iliyoandikwa hivyo haijawa kipimo. Uboho wa mgonjwa mmoja, ukichukuliwa siku moja, unaweza kutoa asilimia 4 kwenye mtambo, 12 kwenye hadubini na 30 kwenye kipande cha mfupa kilichotiwa rangi maalumu, na wote watatu waliohesabu wakawa wamefanya kazi yao sawasawa.

Seli za plasma ndizo zinazotengeneza kingamwili. Chembe nyeupe za aina ya B zikikitambua kijidudu, baadhi yake hukomaa hadi kuwa seli za plasma na kuhamia kwenye uboho, ambako zinaweza kuishi miaka mingi zikimimina kingamwili ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni chache, chini ya 5 katika kila seli 100 za uboho. Mieloma huanza pale seli moja kati ya hizo inapopata hitilafu katika chembe zake za urithi, ikazaana bila kikomo, na uzao wake wote ukatengeneza protini ya namna moja isiyomsaidia mtu kwa lolote. Uzao huo hubanana ndani ya uboho na kuzuia utengenezaji wa damu, huchochea seli zinazomumunya mfupa, na vipande vya protini yake, vinavyoitwa minyororo mepesi, hupita kwenye figo na kuziba mirija yake.

Ugonjwa ulijulikana kabla ya seli hizo kujulikana. Katika miaka ya 1840, jijini London, Henry Bence Jones alipelekewa mkojo wa mfanyabiashara aliyekuwa akiteswa na maumivu ya mifupa, akakuta ndani yake protini yenye tabia isiyo ya kawaida kila ilipopashwa moto na kuachwa ipoe. Mwaka 1873 J. von Rustizky aliupa ugonjwa jina la mieloma, na mwaka 1900 James Homer Wright wa Boston akaonyesha kwamba seli zinazojaza vivimbe vya ugonjwa huo ni seli za plasma. Ni Wright huyohuyo ambaye rangi yenye jina lake inapakwa hadi leo kwenye vioo vya damu. Ushahidi kwamba seli hizo ndizo chimbuko la kingamwili ulisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipotolewa na Astrid Fagraeus wa Sweden. Wakati wa Wright, uhakika wa ugonjwa kwa wengi ulipatikana maiti ilipopasuliwa. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1920, Mrusi Mikhail Arinkin alipoonyesha kwamba uboho unaweza kuvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa kidari cha mtu aliye hai. Tangu hapo likazuka swali ambalo bado linasumbua: seli ngapi ni nyingi kupita kiasi?

Majibu yamebadilika kila kizazi cha wataalamu. Vigezo vya zamani vilihesabu asilimia zaidi ya 30 kuwa ushahidi mkubwa, na 10 hadi 30 kuwa ushahidi mdogo unaohitaji kuungwa mkono na mwingine. Mwaka 2003 kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mieloma, IMWG, kiliondoa kabisa kiwango cha chini kwa mgonjwa ambaye tayari ameumizwa na ugonjwa, kwa sababu takriban wagonjwa 5 kati ya 100 wa aina hiyo walikuwa na seli chini ya asilimia 10. Mwaka 2014 kikundi hichohicho kilichapisha vigezo vinavyotumika sasa, na asilimia 10 ikarudi. Ili iitwe mieloma, lazima pawe na seli za plasma za uzao mmoja zinazofika asilimia 10 ya uboho, au kivimbe cha seli hizo kilichothibitishwa kwa kukatwa kipande. Juu ya hilo, lazima pawe na angalau tukio moja linaloonyesha kwamba ugonjwa unaharibu au uko karibu kuharibu mwili.

Matukio manne ni ya zamani: kalsiamu ya damu kupita miligramu 11 kwa desilita, kreatinini kupita 2, himoglobini kushuka chini ya gramu 10, au mifupa kuonekana imetoboka kwenye picha. Matatu yaliongezwa mwaka 2014, na mojawapo ni asilimia yenyewe. Seli za plasma zikifika 60, mgonjwa anahesabiwa kuwa na mieloma inayohitaji dawa hata kama figo, damu na mifupa yake bado ni mizima. Mengine mawili ni uwiano wa minyororo mepesi katika damu (ile ya ugonjwa ikilinganishwa na ya aina nyingine) kufika 100 au zaidi, na picha ya MRI kuonyesha zaidi ya doa moja ndani ya mifupa.

Mipaka hiyo miwili, 10 na 60, haina nguvu sawa, na ni vizuri msomaji ajue tofauti yake. Wa 60 umesimama juu ya ushahidi mkali. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia watu waliokuwa na mieloma inayofukuta, yaani ugonjwa uliopo lakini haujaleta madhara. Wachache mno kati yao walikuwa na asilimia 60 au zaidi, takriban 3 katika kila 100, lakini kati ya hao wachache karibu wote, asilimia 95, waliingia kwenye ugonjwa kamili ndani ya miaka miwili. Vituo vingine viliona mwelekeo huohuo. Kumwacha mtu wa namna hiyo asubiri mfupa uvunjike ndipo atibiwe ni jambo ambalo hakuna daktari anayeweza kulitetea.

Mpaka wa 10 ni makubaliano ya kitabibu. Chini yake, ikiwa protini ya ugonjwa haijafika gramu 30 kwa lita na hakuna madhara, hali hiyo huitwa MGUS, na hatari ya kugeuka kuwa saratani ni takriban asilimia 1 kwa mwaka. Juu yake, bila madhara, huitwa mieloma inayofukuta, na hatari hupanda hadi takriban asilimia 10 kwa mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Tofauti ni kubwa, lakini haiwezekani mwili wa mtu mwenye asilimia 9 uwe unafanya jambo moja na wa mwenye 11 jambo jingine. Hatari hupanda polepole kadiri seli zinavyoongezeka, na wataalamu wameligundua hilo: kigezo kilichothibitishwa mwaka 2020 kinatumia mpaka wa asilimia 20, pamoja na protini iliyozidi gramu 20 kwa lita na uwiano wa minyororo mepesi uliozidi 20. Aliyevuka angalau mipaka miwili kati ya hiyo mitatu ana uwezekano wa takriban asilimia 44 wa kuugua mieloma kamili ndani ya miaka miwili. Swali la mpaka uwekwe wapi limepata uharaka mpya, kwa sababu utafiti wa AQUILA, uliochapishwa mwishoni mwa 2024, ulionyesha kwamba kuwapa dawa ya daratumumabu watu wenye mieloma inayofukuta ya hatari kubwa kunapunguza kwa karibu nusu hatari ya ugonjwa kuendelea au kifo. Kadiri dawa inavyosogezwa mapema, ndivyo namba ya uboho inavyozidi kuamua nani anaipata.

Basi tuifuate namba hiyo tangu sindano inapoingia. Mgonjwa hulala ubavu au kifudifudi, daktari hupapasa ukingo wa nyuma wa mfupa wa nyonga, huchoma dawa ya ganzi, kisha husukuma sindano nene hadi ndani ya mfupa. Kwanza huvuta uboho wa majimaji kwa bomba la sindano. Hapo maumivu makali huja kwa sekunde chache, maana ganzi haifiki ndani ya uboho. Halafu, kwa sindano ya pili au ileile ikiwa imesogezwa kidogo, huchukua kipande chembamba cha mfupa wenyewe, ambacho kikipatikana vizuri huwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Majimaji hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kusomwa ndani ya siku hiyo. Kipande cha mfupa hulowekwa kwenye formalini, huondolewa madini ya chokaa ili kikatike, kisha hukatwa vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Kosa la kwanza huzaliwa pale pale kwenye bomba la sindano. Mvuto wa kwanza, yaani matone machache ya mwanzo, ndio wenye uboho halisi. Ukiendelea kuvuta, damu ya mishipa huingia na kuuzimua, na seli za plasma, ambazo kwa kawaida hazizunguki kwenye damu kwa wingi, hupungua kwenye kioo bila kupungua ndani ya mfupa. Isitoshe, seli hizi hushikamana na punje za uboho na mafuta yake, nyingine hukaa kwa mafungu, nyingine zimefungwa na nyuzi za kovu zisizokubali kuvutika hata kidogo. Hutokea daktari akavuta asipate kitu, wakati mfupa umejaa ugonjwa. Na leo kila mtu anataka huo mvuto wa kwanza: msomaji wa kioo, mwenye mtambo wa kupima seli, mwenye kipimo cha vinasaba. Kwa maoni yangu, kwa mgonjwa anayepimwa mara ya kwanza, matone ya mwanzo yapakwe kwenye vioo kabla ya mwingine yeyote kupewa.

Kosa la pili ni la hesabu tupu, na nadhani ndilo linalosahaulika zaidi. Miongozo ya kimataifa ya maabara za damu inataka zihesabiwe angalau seli 500, kwenye vioo visivyopungua viwili, pale asilimia inapoamua ugonjwa. Tuseme umehesabu 500 ukapata seli 50 za plasma. Umeandika asilimia 10. Kwa kanuni za takwimu, asilimia halisi ya kioo hicho inaweza kuwa popote kati ya 7.5 na 13. Ukihesabu seli 100 tu, kama inavyotokea mahali penye foleni ndefu na msomaji mmoja, ukapata 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 5 na 18. Yaani namba ileile ya 10 inaweza kuwa ya mtu mwenye MGUS, au ya mtu aliye karibu na mpaka wa asilimia 20. Hapo bado hatujasema lolote kuhusu ustadi wa msomaji. Tumezungumzia bahati ya seli zipi zimeangukia mbele ya lenzi.

Ustadi nao una sehemu yake. Seli ya plasma iliyokomaa hutambulika bila taabu: umbo la yai, mwili wa buluu iliyokolea, kiini kilichosukumwa kando na weupe kidogo ubavuni mwake. Lakini seli za mieloma mara nyingi hazijakomaa. Huja na viini viwili au vitatu, au huwa ndogo zikafanana na chembe nyeupe za kawaida, au kubwa na changa zikadhaniwa za aina nyingine ya saratani. Kwa upande mwingine, seli zinazojenga mfupa, zikinyofoka na kuja na majimaji, huwadanganya wanafunzi wengi kwa viini vyake vya pembeni. Wasomaji wawili wazuri hawatatoa namba moja, na haifai kuwataka waitoe.

Kosa la tatu ni la mahali. Mieloma haienei kwenye uboho kwa usawa. Hukaa kwa mabaka. Mnunuzi wa nafaka anayechoma gunia kwa bambo upande mmoja anajua ameona nafaka ya upande huo tu, na akitilia shaka atachoma upande wa pili. Nyonga ni mahali pamoja. Mgonjwa mwenye uti wa mgongo uliotobolewa na ugonjwa anaweza kutoa uboho wa nyonga wenye asilimia 5. Kwa mgonjwa kama huyo, ambaye damu na picha zake zinapiga kelele wakati uboho umenyamaza, jambo sahihi ni kurudia kipimo upande wa pili, au kuchukua kipande kwenye kivimbe chenyewe kwa kuongozwa na picha. Vigezo vya 2014 viliacha mlango huo wazi kwa makusudi.

Kipande cha mfupa kinakwepa baadhi ya matatizo haya, kwa kuwa seli zote zimo mahali pake, zilizoshikwa na nyuzi na zisizoshikwa. Kikipakwa kingamwili inayong'amua CD138, protini iliyo juu ya seli za plasma, seli hizo huonekana kwa rangi ya kahawia katikati ya nyingine zote, hata zile ambazo jicho lingezipita. Ndiyo maana namba ya kipande, hasa kilichotiwa rangi hiyo, kwa kawaida huwa juu ya namba ya kioo. Rangi yenyewe ina mipaka: saratani zilizosafiri hadi kwenye mfupa kutoka viungo vingine zinaweza kuipokea pia, kwa hiyo umbo la seli lazima litazamwe.

Mtambo wa kupima seli zikipita moja moja mbele ya mwanga wa leza ni habari nyingine. Unaweza kupitisha mamia ya maelfu ya seli, na wengi hudhani kwa sababu hiyo ndio wenye namba ya kuaminika kuliko zote. Kwa asilimia, ndio wa kuaminika kidogo kuliko zote. Mara nyingi hupewa majimaji ya mvuto wa pili au wa tatu, yaliyozimuliwa na damu. Seli za plasma ni laini, nyingi hupasuka wakati wa maandalizi, na zile zilizong'ang'ania kwenye punje za mafuta hazifiki mbele ya leza. Sampuli ikicheleweshwa njiani, CD138 hudondoka kutoka kwenye seli, na mtambo hauzitambui tena vizuri. Majibu ya asilimia 3 kutoka kwenye mtambo kwa mgonjwa mwenye asilimia 30 kwenye mfupa si jambo la kushangaza. Ubora wa mtambo uko kwingine: unaeleza seli hizo ni za uzao mmoja au la, na baada ya matibabu unaweza kutafuta seli moja ya ugonjwa iliyojificha kati ya seli 100,000. Utumike kwa hayo, na asilimia yake isitumiwe kumkatalia mtu ugonjwa.

IMWG iliamua hivi mwaka 2014: asilimia ikadiriwe zaidi kutoka kwenye kipande cha mfupa, na kipande kikitofautiana na kioo, ichukuliwe namba ya juu. Wapo wanaoiona kanuni hii kama ya kutafuta ugonjwa kwa nguvu. Mimi naiona ya busara, kwa sababu ya mwelekeo wa makosa. Damu iliyozimua uboho, seli zilizopasuka, nyuzi zilizokataa kuvutika: yote hayo yanashusha namba. Machache sana yanaipandisha. Penye makosa yanayoelekea upande mmoja, namba ya juu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Hata hivyo kuna pingamizi moja zito ambalo sijaona likijibiwa vya kutosha. Hatari ya asilimia 10 kwa mwaka kwa mieloma inayofukuta ilitokana na watu 276 waliogunduliwa Mayo Clinic kati ya 1970 na 1995, muda ambao kwa sehemu kubwa rangi ya CD138 haikuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Mtu ambaye kwa macho ya zama zile angeandikiwa 8, leo akitiwa rangi anaweza kuandikiwa 13. Amevuka mpaka bila ugonjwa wake kusogea hata hatua moja, na hatari anayotajiwa ni ya watu waliopimwa kwa njia nyingine. Vilevile jicho likitazama kipande kilichojaa kahawia huelekea kukadiria zaidi, kwa kuwa rangi hutanda kwenye ukingo wote wa seli. Kwa mgonjwa ambaye figo zimekwama au mfupa umevunjika, hili halibadilishi kitu. Kwa mtu mzima wa afya anayetembea na asilimia 11 iliyosomwa kwenye rangi ya kahawia, linabadilisha mengi, na daktari wake anapaswa kumweleza hivyo.

Kuna jambo linalotangulia wingi, nalo ni uzao. Seli za plasma huongezeka kila mwili unapopambana na jambo la muda mrefu: VVU, kifua kikuu, homa ya ini, magonjwa ya kinga kujishambulia, na kala-azar, ambayo bado inawapata watu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana nchini Kenya. Katika hali hizo asilimia inaweza kuvuka 10 bila saratani yoyote. Kinachotofautisha ni minyororo mepesi ndani ya seli. Kila seli ya plasma hutengeneza aina moja tu, kapa au lamda, na kwenye uboho ulio salama zote mbili huwepo, kapa zikiwa takriban mara mbili ya lamda. Uboho wa mieloma huonyesha aina moja imetawala karibu peke yake. Katika Afrika Mashariki, ambako VVU na kifua kikuu vipo katika wodi zote za magonjwa ya ndani, kuandika mieloma kwa sababu ya asilimia 12 bila kupima kapa na lamda ni kumweka mtu hatarini kupewa dawa kali za saratani asiyo nayo. Kasoro hii naiona kubwa kuliko zote nilizotaja.

Upo pia upande wake wa pili. Mgonjwa wa miaka 62 mwenye maumivu ya mgongo na upungufu wa damu anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu cha uti wa mgongo au vidonge vya madini ya chuma, miezi ikapita, na mieloma ikaonekana mfupa ulipovunjika au figo zilipofika mwisho. Tunalazimika kuliangalia hili kwa makini zaidi ya wengine. Watu wenye asili ya Afrika hupata MGUS na mieloma mara mbili hadi tatu zaidi ya wenye asili ya Ulaya, na utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Ghana na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta MGUS kwa karibu mara mbili ya ilivyokuwa kwa wanaume wazungu wa Minnesota.

Asilimia ikishapatikana na uzao ukathibitishwa, bado madhara yanapaswa kuwa ya ugonjwa huo. Vigezo vinasema wazi kwamba upungufu wa damu au figo kushindwa kuhesabiwe tu ikiwa chanzo chake ni seli za plasma. Mama mwenye himoglobini ya 8 kwa kukosa madini ya chuma na uboho wenye asilimia 12 ya uzao mmoja hajawa mgonjwa wa mieloma kamili hadi damu yake itibiwe na kutazamwa upya. Mzee mwenye kreatinini ya 3 kutokana na kisukari cha miaka 20 vivyo hivyo. Kwetu, ambako malaria, minyoo, selimundu na shinikizo la damu ni vya kawaida, kazi hii ya kutenganisha vyanzo ni nusu ya uchunguzi.

Wingi wa seli pia haulingani daima na ukubwa wa madhara. Katika amiloidosi, ugonjwa ambao protini ya seli hizo hujikusanya kwenye moyo, figo na neva, uboho mara nyingi huwa na seli za plasma za asilimia 10 tu au pungufu, na mgonjwa akafa kwa moyo. Yule aliyekuwa akisubiri namba ipande amesubiri kitu kisicho na uhusiano na kinachomuua.

Na wapo wasiohitaji kuchomwa kabisa. Nchini Iceland, katika mradi wa iStopMM uliosajili watu zaidi ya 80,000, watafiti walitengeneza kikokotoo kilichochapishwa mwaka 2024 ambacho, kwa vipimo vya damu peke yake, hukadiria uwezekano wa mtu mwenye MGUS kuwa na asilimia 10 au zaidi kwenye uboho. Mwenye uwezekano mdogo anaweza kuahirishiwa sindano. Kikokotoo hicho kilitokana na watu wa Iceland, na kabla hakijategemewa Dar es Salaam au Kampala kinahitaji kujaribiwa kwa watu wa hapa. Ni kazi inayowezekana. Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mpango wa AMPATH umejenga huduma maalumu ya wagonjwa wa mieloma, na Muhimbili wanafundishwa madaktari bingwa wa magonjwa ya damu.

Hospitali isiyo na mtambo wa leza haijafungiwa njia. Tone la uboho lililoganda likitiwa kwenye formalini linaweza kukatwa na kupakwa rangi bila kuondolewa chokaa. Kipande cha mfupa kikigusishwa taratibu kwenye kioo kabla ya kulowekwa huacha seli zinazoweza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na hili huokoa kipimo pale sindano ilipovuta isipate kitu. CD138, kapa na lamda ni rangi tatu tu. Fedha ikiwa ya kitu kimoja, ningeinunulia maabara ya patholojia rangi hizo tatu kabla ya kuwaza mtambo.

Wasomaji wa uboho nawaomba waandike kwenye kila ripoti ya mieloma mambo haya: seli zilihesabiwa ngapi, kwenye kioo au kwenye kipande, kwa rangi gani, majimaji yalikuwa na punje za uboho au yalizimuliwa na damu, na kapa na lamda zilisema nini. Ni mistari miwili. Madaktari wanaotuma sampuli waandike kwenye fomu himoglobini, kreatinini, kalsiamu na majibu ya VVU, maana msomaji asiyejua anayemsomea ni nani anasoma nusu. Nawe unayemuuguza mzazi au ndugu, ukiambiwa asilimia ya uboho wake, muulize daktari kwa heshima: imehesabiwa kwenye nini, na imethibitishwa kuwa ni ya uzao mmoja? Jibu likiwa halipo kwenye karatasi, omba maabara iulizwe kabla dawa haijaanza.